Faili za kila aina, swali moja

SWALI: Shikamoo mshauri. Natafiti mvua kwa shahada ya uzamili. Vipimo vya vituo viko kwenye CSV (jedwali la maandishi matupu), matokeo ya modeli kwenye NetCDF (faili la data za gridi), data za setilaiti kwenye HDF5 (faili la kuhifadhi data nyingi kwa mpangilio). Nataka kujua siku ambazo vituo vilipata zaidi ya milimita 50, na modeli ilitoa kiasi gani siku hizohizo. Mwenzangu anasema nigeuze zote ziwe CSV. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba. Usimsikilize. Ukiibomoa gridi ya NetCDF, yaani nukta zilizopangwa kwa latitudo na longitudo, iwe CSV, kila nukta inageuka mstari unaorudia tarehe, latitudo na longitudo. Faili linavimba, na maelezo ya vipimo yanapotea.

Ziache zilivyo. Anza na vituo: DuckDB, programu ya hifadhidata, inasoma CSV moja kwa moja kwa SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata), hivyo tarehe zako utazipata mara moja. Kisha ingia kwenye NetCDF kwa xarray, maktaba ya Python, uchukue tarehe hizo tu kwenye nukta iliyo karibu na kila kituo. Jedwali dogo litakalotoka uliunganishe na la vituo. HDF5 isikutishe, kwani hata NetCDF-4 kwa ndani ni HDF5.

Shida kubwa iko kwenye maana ya namba. Fungua kichwa cha faili, yaani maelezo yake, kwa amri ya `ncdump -h` usome kila kitu. Mvua ya modeli mara nyingi huandikwa `kg m-2 s-1`, yaani kilo kwa mita ya mraba kwa sekunde. Zidisha kwa 86400 (sekunde za siku moja) upate milimita kwa siku, la sivyo utatafuta 50 usipate hata siku moja, umlaumu aliyetengeneza modeli bure. Longitudo ikienda 0 hadi 360, kituo cha -70 kiko 290. Kwenye CSV, -9999 kwa kawaida ni pengo, si mvua. Na ukisoma HDF5 kwa h5py, maktaba nyingine ya Python, `scale_factor` na `add_offset` (namba za kuzidisha na kujumlisha ili upate thamani halisi) utazitumia mwenyewe.

Angalia pia kalenda inayotumiwa na modeli. `noleap` haina Februari 29. `360_day` inayo hadi Februari 30! Ukikuta mojawapo, kuna uwezekano mkubwa kwamba hiyo ni modeli ya tabianchi inayojiendesha yenyewe, isiyofuata hali ya hewa ya tarehe halisi. Hapo kulinganisha siku kwa siku hakuna maana, hata programu yako iende vizuri namna gani. Linganisha idadi ya siku za mvua kubwa kwa msimu. Niandikie tena ukishajua modeli yako ni ya aina gani.