Fungua Gitaa Kabla ya Kufungua Pochi

Nataka kununua Stratocaster iliyotumika, gitaa la umeme la kampuni ya Fender. Namba yake ya mfululizo nimekuandikia. Ni la mwaka gani, na ni halisi?

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na bado mnaniletea namba tupu. Namba haithibitishi uhalisi. Kwenye Fender nyingi za kabla ya 1976, namba iko kwenye kibati cha chuma nyuma ya gitaa, pale shingo inapofungwa. Skrubu chache tu, na kibati cha gitaa moja kimeshahamia kwa jingine. Baadaye namba ilihamishiwa kwenye kichwa, lakini shingo nayo hutoka kwa skrubu hizohizo. Leo Fender, mwanzilishi wa kampuni, alilibuni hivyo ili fundi abadilishe kipande kilichoharibika bila shida. Ni sifa kubwa ya gitaa hilo, na matapeli wanaitumia. Anza na namba, halafu toa bisibisi.

Muuzaji hataki nilifungue. Anasema skrubu ni za kiwandani na hazijawahi kuguswa.

Usilinunue.

Nitajuaje kama pikapu, yaani sumaku na koili zinazonasa mlio wa nyuzi, na nyaya zake ni za asili?

Legeza nyuzi, fungua bamba la mbele, ligeuze polepole usikate waya. Tazama lehemu kwanza. Ya zamani imefifia, ni ya kijivu, na vidonge vyake vinafanana. Iliyong'aa peke yake kati ya wenzake, au iliyorundikwa mpaka ikaunguza waya wa jirani, ni kazi ya mtu aliyekuja baadaye. Waya uliokatwa katikati ukaungwa na kuviringishwa utepe, vivyo hivyo.

Kisha soma mgongo wa potenshiometa, kile kifaa kilicho chini ya kitasa cha sauti. Ukikuta 1376633, 137 ni kampuni ya CTS iliyoitengeneza, 66 ni mwaka 1966, na 33 ni juma la 33. Potenshiometa ikiwa na umri mkubwa kuliko shingo usishtuke, kwa sababu Fender ilinunua shehena kubwa mwaka 1966 ikaendelea kuitumia kwa miaka kadhaa. Ikiwa changa kuliko shingo kwa miaka mingi, uliza nani aliibadilisha na kwa nini.

Bamba usilirudishe kabla ya kutazama mbao. Niliwahi kununua gitaa kwa kulitazama nje tu, maana lilikuwa safi na bamba jeupe halina hata mchubuko. Nilipolifungua nyumbani nikakuta shimo la pikapu ya daraja, iliyo karibu na pale nyuzi zinapofungwa mwilini, limepanuliwa kwa patasi. Kuta zake zilikuwa na makovu, mbao mbichi isiyopakwa chochote, unga wake bado umeganda kwenye kona. Mtu aliwahi kuweka humbucker, pikapu pana ya koili mbili, akaitoa, akarudisha pikapu ya kawaida juu ya pango lile. Sauti yake ilikuwa nzuri na sina ugomvi na aliyelichimba, lilikuwa gitaa lake. Ninayemlaumu ni aliyeniuzia kwa bei ya gitaa lisiloguswa huku akijua.

Kuna njia ya mkato? Siwezi kufungua kila gitaa ninaloonyeshwa.

Ipo ya kuchujia, si ya kuamulia. Chomeka kebo, fungua sauti mpaka mwisho, chagua pikapu moja, pima kwa mita kati ya ncha mbili za plagi. Pikapu ya Stratocaster ya kawaida hutoa karibu omu 5,500 hadi 6,500. Humbucker za mtindo wa zamani 7,000 hadi 9,000. Mita ikikupa 250,000 au 500,000, unasoma potenshiometa tu: waya wa pikapu umekatika.

Mashine za kukazia nyuzi zimebadilishwa. Niachane nalo?

Hapana. Tazama tu kama matundu yalipanuliwa. Za mtindo wa Grover huhitaji tundu pana kuliko zile za Kluson za zamani, na mbao ikishatobolewa hairudi. Matundu madogo ya skrubu yaliyozibwa nyuma ya kichwa yatakueleza historia nzima.

Les Paul ninayoitaka, gitaa la kampuni ya Gibson, inasemekana haijawahi kuvunjika kichwa. Nihakikishe vipi?

Hili ndilo la kukaguliwa kuliko yote. Kichwa chake kimeinama nyuma, na mbao imechongwa kupisha nati ya nondo ya chuma inayonyoosha shingo kwa ndani, mahali palepale palipo pembamba. Likianguka chali, huvunjikia hapo. Pitisha ukucha nyuma ya shingo, chini kidogo ya kichwa, ukitafuta mstari. Halafu zima taa, mulika kwa taa ya urujuanimno kama ile ya kukagulia noti bandia. Vanishi ya zamani ya naitroselulosi hung'aa kijanikijani au kimanjano. Kiraka kipya huonekana cheusi. Rangi iliyopigwa upya mwilini utaiona kwa njia hiyohiyo. Vanishi za polyester haziitiki hivyo, kwa hiyo usihukumu gitaa la kisasa kwa kipimo hiki.

Lililogundishwa vizuri hupigwa miaka mingi. Lakini lazima lishuke bei sana, na anayekwambia halishuki anakudanganya.

Freti mpya, vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo, zinaharibu uhalisi?

Kwa mkusanyaji, ndiyo. Kwa mpigaji, freti zilizolika mpaka nyuzi zinavuma ni hasara kubwa zaidi. Muulize muuzaji kama vipuri vya asili vimehifadhiwa. Mara nyingi vimo kwenye kijimfuko ndani ya kasha, na wengi huondoka bila kuviulizia.