Gesi ya friji hailiwi: majibu ya maswali yenu

Wiki hii ni mafriji tu, nadhani ni hili joto la Kisumu. Nimechagua matano, mengine yalikuwa yanafanana.

Fundi, friza yangu inagandisha vizuri kabisa lakini huku chini maziwa yanaharibika kwa siku moja. Fundi wa hapa Kondele ameniambia ni gesi imepungua, niweke?

Usiweke kwanza, mama. Kama barafu inaganda huko juu ujue karibu kila mara gesi iko. Friji yako naona ni ile isiyoshika barafu ndani, nofrosti, na hizo hupata baridi kwa sehemu moja tu, nyuma ya ile plastiki ya ndani ya friza, halafu kuna feni ndogo inayosukuma ile baridi mpaka huku chini kwenye maziwa. Feni ikilala ama barafu ikifunga njia, juu kunaganda na chini kunabaki kama kabati. Fungua mlango wa friza, tafuta ile swichi ndogo ya taa uibonyeze na kidole, usikilize. Ukisikia feni inazunguka lakini hewa haitoki, ama inakwaruza kama imeshikwa na kitu, hiyo ni barafu. Chomoa friji kwa soketi, toa kila kitu, acha milango wazi masaa 24 na taulo chini, maana maji yatatoka mengi kuliko unavyodhani. Nyumba moja Manyatta nilitoa hiyo plastiki nikakuta barafu nene kama kibao cha chapati, koili, zile bomba za baridi, hata haionekani, na huyo dada alikuwa ashalipia gesi. Sasa ukiyeyusha ikafanya kazi wiki mbili halafu irudi palepale, hapo ndio uite fundi lakini umwambie apime hita ya kuyeyusha barafu, sensa yake, na taima kama iko. Hizo ndizo huyeyusha barafu zenyewe mara kwa mara bila wewe kujua.

Naishi Nakuru, Section 58. Mwezi wa saba asubuhi napata nyama kwa friza imelainika, mchana inaganda tena. Friji ni ya mtumba kutoka Uingereza.

Hii nimeipenda. Friji yako si mgonjwa, inasikia baridi. Friji nyingi za milango miwili zina thamostati moja tu, kile kidude kinachopima baridi na kuamua friji ifanye kazi ama ipumzike, na imewekwa huku chini, si kwa friza. Jikoni ikiwa baridi usiku, chini kunakaa na digrii 4 kwa utulivu, thamostati inaona kazi imeisha, kompresa, ile mota ya nyuma inayosukuma gesi, inalala, na friza inayotaka -18 inaachwa hivyo. Angalia stika ya ndani, kuna herufi: N ni ya chumba cha digrii 16 mpaka 32, SN inaanzia 10, ST inafika 38, T inafika 43. Kama yako ni N ihamishe mahali pa joto kidogo, ama ongeza thamostati usiku. Na kwa nyingi namba kubwa ndio baridi zaidi, watu wengi huweka 1 wakidhani wameipatia. Hiyo hiyo friji ya N ukiileta Kisumu kwa jikoni ya mabati italia kompresa mchana kutwa.

Mimi nauza samaki Dunga, naweka mbuta jioni asubuhi bado katikati ni laini. Friza imeharibika?

Unaweka kilo ngapi kwa mara moja, ndugu? Friza ya nyumbani imetengenezwa kugandisha kilo chache tu kwa siku, stika huandika. Ukirundika samaki wenye joto la ziwa hadi mlangoni hata mpya itashindwa. Wapoze kwa barafu kwanza, wakate vipande, wapange bapa, uache nafasi hewa ipite.

Stima ilipotea ikarudi, tangu hapo kompresa inafanya "tik", inanguruma kidogo, inanyamaza, baada ya dakika chache tena "tik". Niko Kakamega.

Chomoa sasa hivi, usiendelee kusoma. Stima ikirudi papo hapo, presha ya gesi ndani bado haijasawazika na kompresa haiwezi kuanza, inashikwa, kile kikinga joto kinaikata, ndio hiyo tik. Ngoja dakika 10 ujaribu moja kwa moja kwa ukuta bila ekstensheni. Ikiendelea mwambie fundi aanze na relei, ni kitu kidogo cha kuianzisha kompresa, hukaa ubavuni mwake, na apime volteji pia, inafaa kuwa karibu 240 na jioni kwingine huanguka sana. Halafu nunua friji gadi, ile inachelewesha stima dakika kadhaa ikirudi.

Nimejaza gesi mara mbili tangu Januari, inapoa mwezi mmoja halafu basi. Na je, barafu naweza kuitoa na kisu?

Haya maswali mawili nashuku ni moja. Gesi ya friji hailiwi kama ya kupikia, inazunguka humo humo miaka na miaka, ikipungua kuna tundu. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakuwekea miadi ya kurudi. Na kama kompresa imeandikwa R600a hiyo gesi inashika moto, asilete tochi ya kuchomelea ndani ya nyumba kabla hajaitoa hiyo gesi nje. Kisu hapana kabisa, kuta za friza za zamani ni alumini nyembamba na gesi inapita ndani yake. Shemeji yangu alichokoa barafu na kisu cha mboga, tukasikia sssss ndefu, sote tukanyamaza tukiitazama mpaka ikaisha. Hiyo friji iko mpaka leo, wanaweka unga.