Maji yakitoka Holwerd

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ninyi mnaoishi ughaibuni, ni mila au matembezi gani ya wenyeji mnayoyafurahia kwa moyo, si kwa ajili ya picha tu?" Nilikusudia kulipita swali hilo kama ninavyoyapita mengine, lakini hayo maneno ya picha yamenigusa penye kidonda, kwa sababu mimi ni mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, na kabla sijawa mtu wa kupiga picha nilikuwa mtu wa kupigwa. Kila Julai, siku ya Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, wanaume wakichapana kwa migomba na kile kibanda cha makuti kikitiwa moto, sisi watoto tulikuwa tukiwahesabu wageni wenye kamera waliosimama juani, wanatabasamu na hawajui wanatabasamia nini. Nilijiapia kwamba mimi, nikijaliwa kufika katika nchi za watu, sitasimama hivyo.

Sasa nina miaka tisa Leeuwarden, kaskazini mwa Uholanzi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo jibu langu lingekuwa fupi: mgeni hafurahii, anajitahidi tu. Mila za Waholanzi nilizijua kwanza kama maswali ya mtihani, maana mhamiaji hutakiwa kufaulu lugha yao pamoja na maarifa ya jamii yao. Nilikariri kwamba Siku ya Mfalme ni tarehe 27 Aprili, na kwamba ikiangukia Jumapili husherehekewa tarehe 26. Nilikariri kwamba mtoto akizaliwa wageni hupewa biskuti kavu iliyopakwa siagi na kunyunyiziwa punje za anisi zilizovishwa sukari. Jambo ulilolikariri kwa hofu ya kufeli ni vigumu kulichezea ngoma baadaye. Nilikwenda Keukenhof, ile bustani ya Lisse ambako hupandwa vitunguu vya maua vipatavyo milioni 7 kwa ajili ya majuma manane hivi ya kutazamwa, na nilikwenda Kinderdijk kuona vinu 19 vya upepo vilivyojengwa ili kuyatoa maji mashambani. Kote huko nilipiga picha nikazituma nyumbani, kama mtu anayepeleka risiti ya kuthibitisha kwamba nauli aliyochangiwa haikupotea. Mwaka mpya nilikula oliebollen, ambazo kwa hakika ni kalimati zilizonenepa. Desemba yangu ya kwanza huku, katika sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, msaidizi wake aliyejipaka uso mweusi tii alimpa binti yangu konzi ya peremende, nami sikujua niseme ahsante au nimpokonye mtoto mkono. Siku hizi katika miji mingi wasaidizi hao hujipaka mistari ya masizi tu, na watu bado wanagombana kuhusu hilo. Mimi ugomvi huo nimewaachia wenyewe.

Mila pekee niliyoipenda tangu mwanzo ni ile ambayo sijapata kuiona. Jirani yangu, mzee mwenye magoti mabovu, ana msalaba mdogo wa chuma anaoutoa kabatini kila siku yake ya kuzaliwa, tukiwa tumekaa duara na kipande kimoja cha keki kwa kila mtu. Aliupata tarehe 4 Januari 1997 kwa kuteleza juu ya barafu karibu kilomita 200 kupitia miji kumi na mmoja ya Friesland, akianza na kumalizia hapahapa Leeuwarden. Barafu inatakiwa iwe na unene wa sentimita 15 njia nzima, na tangu siku ile mbio hizo hazijafanyika tena. Mzee huusimulia upepo wa siku ile kana kwamba umempiga asubuhi ya leo. Pale nilifurahi kwa moyo, nadhani kwa sababu hapakuwa na kitu cha kupiga picha.

Yeye ndiye aliyenisukuma niende kutembea baharini. Waholanzi wa kaskazini wana matembezi ya miguu ya kuvuka Bahari ya Wadden maji yanapotoka, kutoka bara hadi visiwani, na sheria hairuhusu mtu kuvuka bila kiongozi. Nilicheka nilipoambiwa kwamba mtu hulipia. Nimezaliwa na kukulia pwani. Shangazi yangu alikuwa akinichukua na mchokoo wake wa pweza kila bamvua, na hakuna aliyetudai senti. Hata hivyo nilijiandikisha, na Jumamosi moja ya Julai nikasimama pale Holwerd, juu ya tuta refu lenye kondoo, pamoja na watu ishirini hivi na kiongozi wetu, mama wa makamo mwenye fimbo iliyompita kimo. Tulikuwa tunakwenda kisiwa cha Ameland, mwendo wa saa nne hivi. Wenzangu walikuwa na suruali fupi na viatu vya turubai vilivyofungwa kamba hadi kwenye vifundo. Nami nilivaa hivyohivyo, ila kiunoni nilijifunga kanga, kwa mazoea.

Mwanzo ni tope tupu, jeusi, lenye harufu ya mikoko ingawa mikoko haipo. Wenzangu walisimama wachague pa kukanyaga, na kila aliyesimama alizama hadi magotini. Kiongozi akawa anapaza sauti kwamba msisimame, burureni mguu, songeni mbele. Mimi sikuhitaji kuambiwa. Miguu yangu ilikwisha kukumbuka kabla yangu. Tukatoka kwenye tope tukaingia kwenye mchanga mgumu wenye mawimbi madogomadogo, umejaa vile vichuguu vilivyojikunja kama tambi ambavyo minyoo ya chambo huviacha kwetu pia. Nikahisi kombe chini ya soli ya kiatu. Nikainama, nikalichimbua kwa kidole gumba, nikalitia katika pindo la kanga, nikahisi jingine, kisha jingine. Sijui niliendelea kwa muda gani. Nilipoinuka niliona kundi zima limesimama, simu tatu zimenielekea, na bwana mmoja amechuchumaa matopeni ili anipate vizuri mimi na upeo wa bahari nyuma yangu.

Mhariri, nilikuwa nimelipa kama wao. Nilikuwa mtalii mwenye risiti. Na papo hapo nikawa shangazi yangu, aliyepigwa picha akiwa ameinama kwa miaka arobaini bila kuulizwa jina. Nilitaka kusema neno kali, na kwa Kiholanzi ninayo maneno makali ya kutosha, lakini nilijikuta ninatabasamu, na sikujua ninatabasamia nini.

Kiongozi alinijia bila simu, akatazama ndani ya kanga, akauliza tunawapikaje. Nikamwambia: unawachemsha mpaka wafunguke, unawatoa, unawaunga kwa tui la nazi na ndimu. Akataka kujua mchanga tunautoaje. Nikamwambia tunawalaza katika maji ya chumvi wautapike wenyewe. "Sisi pia," akasema. Kwa kuwa nilikwisha kujiona fundi, nikaongeza kwamba mwezi ulikuwa mpevu juzi, basi leo maji yatatoka sana na hatutapata taabu.

"Yangetoka," akasema, "lakini tangu jana upepo unavuma kutoka kaskazini-magharibi. Unayasukuma maji huku ndani na kuyazuia yasitoke. Kwenye mkondo utaona."

Hilo sikuwa nikilijua. Kwetu upepo, uwe kusi au kaskazi, huwatia hesabuni watu wa vyombo. Wanawake wa pwani hutazama mwezi. Tulipofika kwenye mkondo, alitangulia akiuchoma chini kwa fimbo, akarudi, akahamia hatua mia moja upande wa mashariki, akauchoma tena. Maji ambayo kwa hesabu yangu yangekuwa ya magotini yalinifika kifuani, ya baridi kiasi cha kukata pumzi, na yalikuwa yakivuta. Tulivuka kwa kushikana. Yule bwana aliyechuchumaa alikuwa nyuma yangu, simu ameiinua juu ya kichwa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameng'ang'ania pindo la kanga yangu kama mtoto sokoni. Kombe zangu zote zilimwagika. Alipofika ng'ambo aliomba radhi kwa ajili ya kombe. Kwa picha hakuomba, na wala sidhani kama ilimpitikia.

Jioni, katika feri ya kurudi, nilimpigia shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Wasema umekwenda pwani, umepata pweza?"

"Hakuna pweza huku, shangazi."

"Sasa mmekwenda kufanya nini?"

"Kutembea tu."

"Na pesa mmetoa?" Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema nikirudi nimlipe yeye, atanipeleka hadi kwenye mwamba na kunirudisha kabla ya adhuhuri. Nilimweleza kwamba bahari hii imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu mwaka 2009. Akauliza yake je. Nikamjibu kwamba kwetu Unguja ulioandikwa ni Mji Mkongwe, mwaka 2000. "Wa mjini hao," akasema.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na hakika kwamba nitawajibu hapana. Nimefika hapa na ninaona siwezi, maana saa zile nne nilifurahi, na nimekwisha kujiandikisha tena kwa majira yajayo, safari hii na binti yangu. Lakini jibu langu lichukuliwe kwa tahadhari. Huenda sikufurahia mila ya Waholanzi hata kidogo, nilifurahia miguu yangu mwenyewe ikipita katika tope la wengine. Huenda pia ni rahisi kuifurahia pwani usipotegemea kula kutoka kwake. Shangazi hajapata kwenda huko kutembea tu. Upepo, hata hivyo, ni wao, na somo lake nimelipata kwao. Kuhusu wale wageni wa Makunduchi, bado nawaona walisimama vibaya, ila siapi tena kwamba nilijua walichokuwa wakikitabasamia.

Basi andikeni ndiyo, kwa Holwerd. Kwa Keukenhof andikeni hapana, ingawa maua yale, nikisema kweli, ni mazuri mno.