Maswali na Majibu: Justin Morrill na ekari zilizojenga vyuo vya kilimo Marekani

Morrill alikuwa mkulima kweli, au mwanasiasa tu aliyependa kuitwa mkulima?

Justin Morrill, mwanasiasa aliyeanzisha sheria ya 1862 ya kuyapa majimbo ardhi ya umma ili yafungue vyuo vya kilimo, alianza na biashara. Alizaliwa mwaka 1810 kijijini Strafford, jimbo la Vermont, mtoto wa mhunzi. Shule aliiacha akiwa na miaka 15, akaingia dukani, na kufikia 1848 alikuwa na akiba ya kutosha kuachana na duka na kushika shamba. Nyumba aliyoichora mwenyewe, yenye rangi ya waridi, bado ipo hapo kijijini. Mwaka 1855 aliingia Bunge la Wawakilishi, 1867 akahamia Seneti, na alikuwa bado seneta alipofariki Desemba 1898.

Kila jimbo lilipewa ardhi kiasi gani?

Sheria ya 1862 ilitoa kwa kila jimbo ekari 30,000 kwa kila seneta na kila mbunge wake wa kitaifa. Kansas, yenye maseneta wawili na mbunge mmoja, ilipata 90,000. New York ilikuwa na wabunge 31, ukiongeza maseneta wawili unapata 33, yaani ekari 990,000. Majimbo ya Kusini yaliyoasi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe hayakupewa kitu wakati huo.

Rhode Island haikuwa na ardhi ya umma. Ilipewaje?

Hapa ndipo mambo yalipoharibika. Jimbo la namna hiyo lilipewa hati za kudai ardhi, kila moja ya ekari 160, zitumike kwenye ardhi ya umma ya magharibi. Lakini jimbo lilikatazwa kwenda kudai lenyewe ndani ya jimbo jingine. Lilitakiwa kuziuza hati, na mnunuzi ndiye achague kiwanja. Majimbo mengi yakazimwaga sokoni kwa pamoja. Na mwaka huohuo Bunge lilikuwa limepitisha sheria iliyompa mlowezi ekari 160 bure, alimradi aishi hapo na kulima kwa miaka mitano. Bei ya hati ikaporomoka: bei rasmi ya ekari ilikuwa dola 1.25, lakini Rhode Island iliambulia dola 50,000 kwa ekari 120,000, kama senti 42 kwa ekari.

New York iliokolewa na Ezra Cornell. Katazo lilihusu jimbo, halikumhusu mtu binafsi. Akanunua hati nyingi kwa jina lake, akazidai kwenye misitu ya misonobari ya Wisconsin, na ardhi ikashikwa hadi bei ya mbao ilipopanda. Chuo chenye jina lake kilivuna zaidi ya dola milioni 5. Kusubiri kulihitaji mtu wa kulipa kodi ya ardhi miaka yote hiyo, na majimbo mengi hayakuwa na mtu kama huyo.

Fedha zilitumikaje?

Mtaji haukuguswa. Uliwekwa kwenye hatifungani zenye riba isiyopungua asilimia 5, na chuo kikaendeshwa kwa riba. Asilimia 10 tu iliruhusiwa kununua kiwanja au shamba la majaribio. Majengo hayakuruhusiwa hata senti moja, na chuo kilitakiwa kianze ndani ya miaka mitano. Ndiyo maana vyuo vingi viliwekwa kwenye mji uliojitolea kiwanja na fedha za ujenzi.

Kwa nini sheria hiyo ilichukua miaka mitano kupita?

Muswada wa 1857 ulipita, Rais Buchanan akautilia kura ya turufu mwaka 1859. Wabunge wa Kusini walipoondoka kwa sababu ya uasi, Morrill aliurudisha, ukiwa na mafunzo ya kijeshi ndani yake, na Rais Lincoln akausaini tarehe 2 Julai 1862.

Vijana Weusi walinufaika?

Wengi walisubiri hadi sheria yake ya pili, ya 1890: dola 15,000 kwa mwaka kwa kila jimbo, zikipanda hadi 25,000, bila kubagua rangi. Ila jimbo liliruhusiwa kuwa na vyuo viwili tofauti likigawa fedha "kwa haki". Sheria haikusema nusu kwa nusu, na Kusini walilitumia pengo hilo vilivyo.

Ardhi yenyewe ilikuwa ya nani?

Ya wenyeji wa Amerika: takriban ekari milioni 10.7, kutoka kwa karibu jamii 250, nyingi zikiwa zimechukuliwa kwa mikataba ya malipo duni au kwa nguvu. Sheria ya 1862 haikuwataja popote. Ile misonobari iliyokitajirisha chuo cha Cornell ilisimama kwenye ardhi ambayo Waojibwe, mojawapo ya jamii hizo, waliiachia serikali kwa mkataba wa 1837, miaka 25 tu kabla ya saini ya Lincoln.