Mashine ndogo ya milingi kuitia kompyuta: maswali yenu

Asalaam aleikum jamaa. Tangu niliposema naitia kompyuta ile mashine yangu ndogo ya milingi ya juu ya meza, ya kuchongea chuma kwa kisu kinachozunguka, yaani iendeshwe na mota badala ya mkono, maswali hayeshi, leo nayajibu haya, mengine inshallah baadae.

*Ami, niko Mwanakwerekwe, mashine yangu ya kuzungusha kwa mkono, mota zishafika na bodi ya kuziendesha. Nianze kufunga ipi?*

Mwanangu, zieke kwanza hizo mota, upime plei, yaani ule ulegevu wa skrubu inayosukuma meza. Tega dayo geji, ile saa ya kupimia mwendo mdogo, kwenye meza ya mashine, zungusha upande mmoja mpaka sindano iende, halafu rudisha pole pole uone unazungusha kiasi gani kabla meza haijaanza kurudi, huo ndo mwanya wako. Ukifanya kazi kwa mkono unaujua na unaukwepa, kila mara unaingilia upande mmoja, lakini kompyuta ikichonga duara inageuza kila mhimili, yaani kila upande wa mwendo wa meza, mara mbili, basi plei ya milimita 0.2 tu utaiona pahala pane kwenye lile duara, kidole kinahisi kabisa. Wengine wanasema programu itafidia. Inafidia meza ikiwa imetulia, lakini kisu kikikivuta kile chuma unachochonga meza inarukia ndani ya ule mwanya na kisu kinakatika. Toa skrubu za asili tia za gololi, zenye nati ya vigololi ndani isiyolegea, kipenyo milimita 16, mwendo wa mzunguko mmoja milimita 5. Mie pesa yangu ya mwanzo ningeitia hapo, kompyuta haitengenezi chuma kilicholegea.

*NEMA 23 ina nguvu kuliko 17, si ndio?*

Hiyo namba ni ukubwa wa uso wa mota, inchi 2.3, yaani kama milimita 58, nguvu yake tazama Nm, kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Mbili mpaka tatu zinatosha kwa meza. Na stepa, hii mota inayokwenda hatua kwa hatua, ikikimbia inapoteza nguvu, kwa hivo pawasaplai ya volti 36 au 48 utaiona faida yake kuliko ya 12.

*Niko Chake, nimeandika hatua 320 za mota kwa kila milimita kwenye programu, naiamrisha milimita 100 inakwenda 98. Nibadilishe hesabu?*

Hesabu yako iko sawa ndugu yangu: hatua 200 kwa mzunguko, draiva, ile bodi inayoipa mota umeme, inazigawa mara 8, zinakuwa 1600, gawa kwa zile milimita 5 za skrubu unapata 320. Sasa skrubu ya gololi haikosei milimita mbili kwenye mia, ukibadilisha hesabu unaficha ugonjwa. Kagua kaplingi, kiungo cha mota na skrubu, labda inateleza, au mota inaruka hatua kwa sababu umeikimbiza sana. Punguza spidi upime tena, ikija 100 ushajua.

*Kompyuta ya zamani inafaa?*

Inafaa sana. LinuxCNC, programu ya kuendesha mashine, ni ya bure, na kompyuta yenye ile poti ya printa ya zamani inaipenda. Huna, basi tia GRBL, programu nyengine ya kazi hiyo, kwenye bodi ndogo ya Arduino Uno uunge kwa USB.

*Umeme ukikatika katikati ya kazi?*

Hili linanigusa, sisi Unguja tuliokaa kizani tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tunaelewa. Stepa haikumbuki ilipokuwa, umeme ukirudi usibonye kuendelea, irudishe nyumbani kwenye swichi za mwisho, zile zinazoguswa meza ikifika ukingoni, kisha utafute sifuri upya. Lakini kubwa zaidi ni kichwa, ile sehemu ya juu inayoshika kisu. Skrubu ya zamani ilikuwa inajishika yenyewe, ya gololi haijishiki, mota ikikosa umeme kichwa kinashuka na uzito wake wote, na chini pengine pana chuma unachochonga, au mkono wako unaotoa vumbi. Tia uzito wa kukibalansi au mota yenye breki, kabla hujawasha siku ya kwanza. Na waya wa mota usiuchomoe draiva ikiwa na umeme, mie draiva yangu ya kwanza iliungua hivo hivo.