Masomo ya jioni kanisani: anzeni na watoto 24

Tangazeni ibadani kwamba usharika utawasaidia watoto masomo bure ukumbini, na Jumanne watakuja themanini. Mpango hufia hapo, hata kama maziko yatachelewa miezi miwili. Wasaidizi watatu hawawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma, na kusikiliza ndiyo kazi yenyewe. Anzeni na 24, bila tangazo. Nendeni kwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, awatajie wa darasa la tatu na la nne wanaokwama kusoma. Mkipita kwake kwanza, walimu wa pale hawatadhani mmekuja kuwanyang'anya wanafunzi wa tuisheni.

Watoto 24 wanataka wasaidizi wanne kwa siku. Andikisheni saba, maana kila wiki kuna mwenye msiba, safari au zamu ya kazi. Vijana waliomaliza kidato cha nne Novemba ni hazina ya msimu: matokeo yakitoka wanaondoka. Walimu wastaafu hudumu, ila wengine huja na fimbo. Semeni siku ya kwanza kabisa kwamba humu hakuna fimbo.

Siku mbili kwa wiki zinatosha, saa 9 alasiri hadi saa 11, ili watoto wafike kwao mapema kabla ya giza. Kabla ya kupanga siku, tazameni ratiba ya kwaya, kisha mumwulize ustadhi wa madrasa ya mtaani vipindi vyake. Wazazi Waislamu huwaachia watoto wao wakihakikishiwa kwamba ni kusoma na hesabu tu, bila mahubiri. Mkishaahidi hivyo, msimruhusu mtu kupenyeza hata pambio.

Mabenchi ya kanisa hayana pa kuandikia, na mtoto anayeandikia mapajani huchoka ndani ya robo saa. Nunueni plaiwudi moja ya futi 4 kwa 8, fundi seremala aikate vipande vya inchi 12 kwa 16. Vinatoka 24 kamili. Apige msasa kingo zote, la sivyo vibanzi vitawachoma.

Uji utolewe mwanzoni. Ukitolewa mwishoni, wapo watakaokuja saa 10 na nusu kuufuata, na waliowahi watakuwa wameketi na njaa tangu asubuhi. Kilo moja ya unga kwa lita nane za maji inawatosha. Kila mtoto aje na kikombe chake.

Sasa kupima. Msiwagawe kwa madarasa. Mtoto wa darasa la nne asiyejua silabi akae na wenzake wa silabi, basi. Kipimo ni kile kile kinachofahamika kupitia Uwezo, tathmini ya kusoma na hesabu kwa watoto wa Afrika Mashariki: silabi, maneno, aya, hadithi. Dakika tano kwa kila mmoja, pembeni, wenzake wasisikie. Akikosea zaidi ya matatu katika maneno kumi, kundi lake ni la maneno. Mpimeni tena baada ya wiki sita.

Jihadharini na anayekariri. Atasoma ukurasa wa kitabu cha shule kwa kasi ya mtangazaji wa redio. Funika picha, ananyamaza. Dawa yake ni maneno yasiyo na maana: libu, zapo, ndefi. Hapo hana cha kukumbuka, lazima aunganishe silabi mwenyewe. Andikeni silabi kwenye vipande vya manila, na ngoma na ng'ombe vikae pamoja, kwa sababu hapo ndipo wengi hujikwaa.

Kwenye hesabu, kosa linalojirudia ni la kukopa. Mpe 52 – 27, ataandika 35: ameona 2 haitoi 7, akageuza, 7 kutoa 2. Kumfokea hakusaidii. Mpe vijiti 52, mafungu matano ya kumi yaliyofungwa kwa mpira na viwili pembeni. Avifungue vya fungu moja kwa mkono wake, ahesabu 12, ndipo aondoe 7. Akishafanya hivyo mara kadhaa, ile namba ndogo ya juu ya kukopa inaanza kumwingia akilini.

Kazi ya nyumbani isizidi dakika 20. Ikiachiwa, itameza muda wote, na msaidizi mwenye huruma ataishia kumfanyia.

Ulinzi hauna mjadala: watu wazima wawili wawepo kila wakati, milango wazi, hakuna kumpeleka mtoto nyumbani kwa msaidizi, na daftari la mahudhurio lioneshe nani huja kumchukua nani. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ibandikwe ukutani, usawa wa macho ya mtoto.

Ukumbi ukipata msiba au semina, hamieni chini ya mwembe na vibao vyenu vya plaiwudi. Mkiahirisha mara mbili mfululizo, wanaokwama zaidi ndio hawarudi.