Siku mbili Lisbon zinatosha?

Dada, umeuliza kama siku mbili zinawatosha nyinyi wanne kuuona mji wa Lisbon, na muanzie wapi. Zinatosha, ila vaeni raba. Sisi tulikwenda watatu, mwenzetu akavaa viatu vya soli laini. Vile vijiwe vyeupe vya njia za miguu vimesuguliwa na nyayo mpaka vinateleza kama sabuni, na mji wenyewe ni vilima vitupu. Kufika saa nane mchana alikuwa anatembea ameshika ukuta!

Anzeni Alfama, mtaa mkongwe ambao sehemu kubwa ilisalimika kwenye tetemeko la 1755. Vichochoro vyembamba, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vyenu. Kisha pandeni Carmo, kanisa lililoporomoka paa siku ile na ukumbi wake haukuezekwa tena. Unasimama katikati ya nguzo, juu ni mbingu tupu. Hapo msiharakishe.

Tramu namba 28 ni nzuri, lakini inajaa pomoni, na wezi wa mifukoni wanaipenda kuliko watalii.

Mtaa wa Belém uwe siku ya pili, isiwe Jumatatu maana Jerónimos, monasteri ya kale, hufungwa. Kanisani mwake kuna kaburi la Vasco da Gama, yuleyule aliyetia nanga Malindi mwaka 1498 akapewa rubani wa kumvusha mpaka India. Mimi mtu wa Mombasa, niliyekulia karibu na Fort Jesus, nilisimama pale nikakosa la kusema. Rafiki yangu akaninong'oneza, "Twende bwana, foleni ya vikeki inarefuka."

Vikeki hivyo, pastéis de nata, vileni vya moto na mdalasini.